Redio kwa intaneti ukiwa Lubumbashi: inavyokufikia, na jinsi ya kuisikiliza bila kumaliza mega

Redio ya intaneti haina uzito ambao watu wanaudhania. Saa nzima ya habari na mazungumzo inaweza kupita ndani ya mega (MB) 15. Hata hivyo hapa Lubumbashi, toka Kamalondo mpaka Ruashi, utasikia watu wakisema kwamba hiyo ni mambo ya wenye Wi-Fi. Wanasema hivyo kwa sababu wengi huingilia mlango wa gharama. Redio inarusha kipindi chake kwenye Facebook pamoja na picha ya studio, msikilizaji anafungua hapo, anaweka simu pembeni na kuendelea na kazi, na picha isiyotazamwa na mtu inamaliza kifurushi. Lengo la mwongozo huu ni kukutoa huko: ujue sauti inapita wapi, uweze kupata anwani yake ya moja kwa moja, na uweze kukadiria mega kabla ya kubonyeza.

Kwanza, angalia kama FM inatosha

Ukiwa Lubumbashi na redio unayoitaka ni ya Lubumbashi, na FM yake inafika kwako vizuri, sikiliza FM. Mawimbi hayalipishwi, na wasikilizaji wakiwa kumi au laki moja, mtambo unatumia umeme uleule. Simu nyingi za bei ya kawaida bado zina redio ya FM ndani yake. Chomeka vipokea sauti vya masikioni vyenye waya, maana waya ndio antena, kisha fungua programu ya redio iliyokuja na simu. Hapo hutumii hata mega moja.

Mpaka wa FM ni umbali. Mawimbi yake husafiri kwa kunyooka, na kwa kawaida mtambo mmoja hufika makumi machache ya kilomita, kutegemea urefu wa mnara na nguvu ya mtambo. Kipushi, kilomita kama 30 kutoka mjini, bado una nafasi ya kunasa. Likasi, kilomita kama 120, ni bahati, isipokuwa redio yenyewe imeweka mtambo mwingine huko. Aliye Kolwezi, Johannesburg au Brussels hana njia ya FM kabisa. Wewe pia huna, ukitaka kusikia redio ndogo ya Bukavu au ya Kalemie ukiwa Katuba. Kazi ya intaneti inaanzia hapo.

Sauti inavyosafiri

Studioni, sauti inatoka kwenye mikrofoni, inapita kwenye mikisa, inaingia kwenye kompyuta. Katika kompyuta hiyo kuna programu ya kusimba sauti. BUTT na Mixxx ni mbili zinazotumika sana, na zote ni za bure. Programu inaibana sauti kwa mtindo wa MP3 au AAC, kisha inaituma bila kukatika kwenye seva, yaani kompyuta inayogawa sauti kwa wasikilizaji. Sauti hiyo inayotiririka ndiyo inayoitwa mkondo. Seva nyingi za redio hutumia Icecast au SHOUTcast, programu zilizozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambazo mpaka leo zinabeba sehemu kubwa ya redio za dunia.

Seva ndiyo inayogawa. Kila msikilizaji anayefungua anapewa nakala yake peke yake, na hapa ndipo tofauti kubwa na FM inapoonekana. Tuseme redio inatuma sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde. Studio inapandisha nakala moja tu, mzigo ambao hata muunganisho wa kawaida unaumudu. Wasikilizaji wakiwa 200, seva inabidi itoe kilobiti 12,800 kwa sekunde, yaani megabiti 12.8. Muunganisho wa redio nyingi za mtaani kwetu hauwezi kubeba hayo saa zote. Ndiyo maana redio hukodi nafasi kwenye seva iliyo mbali, mara nyingi Ulaya au Marekani. Kwa hiyo sauti ya mtangazaji aliye kilomita mbili kutoka kwako inaweza kuvuka bahari, ifike kwenye seva, na irudi mpaka simu yako.

Safari hiyo inachukua muda, lakini kinachochelewesha zaidi ni akiba. Simu yako haichezi sauti papo hapo; inakusanya kwanza sekunde kadhaa, ili mtandao ukilegea kidogo usikie bado sauti inaendelea. Seva nayo inaweka akiba yake. Ukijumlisha, sekunde 10 hadi 30 za kuchelewa ni jambo la kawaida. Siku TP Mazembe wakicheza, jirani mwenye redio ya FM ataruka na kupiga kelele huku kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Hiyo si hitilafu, na hakuna mpangilio wa simu utakaoiondoa kabisa. Mechi sikiliza kwa FM kama unaweza.

Kuna pia redio zinazotumia HLS, mtindo ulioletwa na Apple mwaka 2009. Huo hauachi mkondo mmoja wazi. Hukata sauti vipande vya sekunde chache, na simu inavipakua kimoja baada ya kingine. Anwani zake huishia na .m3u8. Unachelewa zaidi, lakini faida yake kwetu ni kubwa: redio ikiwa imeandaa viwango viwili au vitatu vya ubora, simu inashuka yenyewe kwenye kiwango chepesi mtandao unapodhoofika.

Hesabu ya mega

Ukijua kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, utapata MB kwa saa. Inatoka hapa: kilobiti 128 ukigawa kwa 8 ni kilobaiti 16 kila sekunde, saa ina sekunde 3,600, unapata kilobaiti 57,600, yaani MB 57.6.

Kwa hesabu hiyohiyo, kilobiti 64 ni MB 28.8 kwa saa, kilobiti 32 ni MB 14.4, na kilobiti 24 ni MB 10.8. Kuna redio za muziki zinazorusha kwa 320, na hizo zinakula MB 144 kwa saa. Sasa chukua video ya moja kwa moja, hata hafifu, ya kilobiti 500: ni MB 225 kwa saa. Kusikia mahubiri au mjadala uleule kwa sauti ya kilobiti 32 kunakula mara kumi na tano pungufu.

Je, kilobiti 32 zinasikika? Inategemea zimebanwa vipi. Kwa MP3, mtangazaji anakuwa kama anaongea ndani ya pipa. Kwa AAC, hasa ile aina yake ya HE-AAC iliyotengenezwa kwa viwango vya chini, habari na mazungumzo yanasikika safi, na hata rumba inapita vizuri kwenye spika ndogo. Kwa hiyo usiangalie namba peke yake. Angalia namba pamoja na mtindo. Ukiwa na vipokea sauti vizuri na unataka muziki, 64 ya AAC inatosha. Kulipia zaidi ya hapo kwenye data ya simu mimi sioni sababu.

Hatua ya kwanza: chagua programu

Kwenye Android napendekeza mbili zikae pamoja. RadioDroid, inayopatikana kwenye duka la F-Droid, inachukua orodha yake kutoka Radio Browser, hazina ya wazi ambapo watu wa dunia nzima wanaingiza redio wanazozijua. Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha mtindo wa sauti na kilobiti kabla hujafungua. Ya pili ni VLC, ambayo inacheza karibu kila anwani utakayoibandika.

TuneIn ina redio nyingi na ni rahisi, ila inakupitisha kwenye matangazo ya biashara, nayo yanakula data. Radio Garden, iliyoanza mwaka 2016, inakuonyesha dunia kama tufe ukitembeza kidole kutoka mji hadi mji. Ni nzuri kwa kugundua redio usizozijua, lakini fungua tufe hilo ukiwa kwenye Wi-Fi.

Hatua ya pili: tafuta anwani yenyewe

Hatua hii ndiyo ya maana kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Anza na Radio Browser. Tafuta kwa jina la redio, au chagua nchi kisha upitie orodha. Ukiipata, nakili anwani. Ikiwa redio ina anwani mbili, moja ya 128 na nyingine ya 48 au 32, chukua ile ndogo.

Ikikosekana huko, nenda kwenye tovuti ya redio uone kama kuna vitufe vya Winamp au VLC chini ya kichezeo. Ukibonyeza, utapakua faili dogo linaloishia na .pls au .m3u. Watu hulipakua, wanaona lina baiti chache tu, wanadhani limeharibika, wanalifuta. Usilifute. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia na utaona kitu cha namna hii:

[playlist]
NumberOfEntries=1
File1=http://redio.example:8000/live32
Title1=Redio yetu
Length1=-1

Mstari wa File1 ndio hazina: kila kilicho baada ya alama ya = ni anwani unayoitafuta. Namba 8000 ni mlango wa seva, na neno la mwisho ni jina la mkondo. Ile -1 maana yake ni kwamba mkondo hauna mwisho.

Tovuti isipokuwa na vitufe hivyo, tumia kompyuta. Fungua ukurasa wa redio kwenye Firefox, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu iliyoandikwa Réseau kama kompyuta yako ni ya Kifaransa, kisha chuja kwa Médias. Bonyeza kitufe cha kucheza. Utaona mistari inatokea. Ule unaoendelea kupakua bila kumaliza ndio mkondo. Uguse kwa kitufe cha kulia cha kipanya na unakili anwani.

Yote yakishindikana, waandikie redio wenyewe uwaulize mambo mawili: anwani ya mkondo, na kama wana mkondo wa kilobiti chache. Fundi wa studio anajua jibu la kwanza bila kufikiri. Swali la pili ni zuri kwa sababu wakiulizwa na wasikilizaji wengi, wataongeza huo mkondo. Kwenye Icecast ni suala la kutuma nakala ya pili iliyobanwa zaidi.

Hatua ya tatu: iweke mahali pake

Kwenye VLC ya simu, bonyeza Plus, nenda sehemu ya kuongeza mkondo mpya, bandika anwani, na uipe jina ili usiitafute tena. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na N pamoja, au upitie Média na Ouvrir un flux réseau. Ikishaanza kucheza kwenye kompyuta, Ctrl na J itakufungulia taarifa za kodeki (mtindo wa kubana sauti), na hapo utathibitisha mtindo na kiwango cha sauti unayopokea kweli. Tovuti nyingine huandika 64 huku seva inatoa 128.

Hatua ya nne: pima mwenyewe

Nenda kwenye Paramètres (mipangilio ya simu), uone data iliyotumiwa na kila programu. Andika namba ya programu ya redio. Sikiliza dakika 10, rudi uangalie, kisha zidisha tofauti kwa 6. Mkondo wa 128 utakuwa umekula karibu MB 9.6 kwa dakika hizo. Wa 32 utakuwa umekula MB 2.4. Ukikuta namba kubwa mno, unasikiliza mkondo mwingine kuliko unaodhani, au programu inapakua picha na matangazo.

Kupanga simu ili isikukatie

Malalamiko ya kawaida kabisa ni haya: redio inacheza vizuri, skrini ikizima, baada ya muda kimya. Hapo mtandao hauna kosa. Simu inaua programu kwa ajili ya kutunza betri. Kwenye mipangilio ya betri, itafute programu ya redio na uitoe kwenye uboreshaji wa betri. Kama umewasha kiokoa data, iruhusu hapo pia.

Ukiacha kusikiliza, simamisha kabisa, usibonyeze tu kile kitufe cha kupumzisha. Baadhi ya programu huendelea kuvuta sauti zikiwa zimepumzishwa. Kwa wanaolala na redio, RadioDroid na VLC zina kipima muda cha kuzima. Weka dakika 30 na kifurushi cha kesho kitakuwa salama.

Nyumbani, watu wanne wakifungua redio ileile kwa simu nne, zinavutwa nakala nne. Simu moja iunganishwe na spika ya Bluetooth au kwa waya, wote wasikie. Dereva anaweza kutumia kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachopeleka sauti ya simu kwenye redio ya gari.

Na kwa wanaokwenda Kasumbalesa: karibu na mpaka simu inaweza kushika mtandao wa Zambia. Zima data ya ng'ambo kabla hujafika, maana redio iliyokuwa ikila mega zako za kawaida inaweza kuanza kula unite (salio la simu) kwa bei ya kigeni.

Ikigoma kucheza

Jaribu redio nyingine kwanza. Zingine zote zikicheza na hiyo moja ikanyamaza, shida iko kwao: umeme wa studio umekatika, au kompyuta ya kusimba imepoteza muunganisho na seva. Huna la kufanya ila kusubiri. Usianze kufuta na kuweka upya programu.

Ikicheza kwa data ya simu lakini ikagoma kwenye Wi-Fi ya ofisini au ya chuo, huenda mtandao huo umefunga milango kama 8000. Tafuta kama redio ina anwani isiyo na namba ya mlango.

Ikigoma kwenye kivinjari lakini ikacheza kwenye VLC, mara nyingi ukurasa unatumia https huku mkondo unatumia http, na vivinjari vya sasa huzuia mchanganyiko huo. Baki na VLC.

Anwani zote za https zikigoma, angalia tarehe ya simu. Simu iliyoisha betri kabisa ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma itakataa vyeti vya usalama vya seva, na utaona kosa lisiloeleweka. Rekebisha tarehe, yataisha. Android zilizo chini ya toleo 7.1.1 zina tatizo la ziada: hazikijui cheti cha mzizi cha Let's Encrypt, ambacho tovuti nyingi hutegemea. Kwa simu hizo tafuta anwani ya http ya redio hiyo.

Sauti ikikatikakatika kila dakika, shuka kwenye mkondo mwepesi kabla ya kulaumu mtandao. Kwenye mipangilio ya VLC unaweza pia kuongeza akiba ya mtandao, inayohesabiwa kwa milisekunde; ukiweka 10000 unapata sekunde 10 za kinga. Utachelewa kidogo zaidi, lakini kwa habari hilo halidhuru.

Saa za vipindi

Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Nairobi. Kipindi kinachotangazwa kuwa cha 18:00 Nairobi utakipata 17:00 hapa, na aliye Kinshasa atakisikia 16:00. Brussels iko sawa na sisi wakati wa kiangazi chao, na nyuma kwa saa moja wakati wa baridi. Ndugu wa huko wanaokosa kipindi kila Oktoba wajue sababu ni hiyo.

Kwa habari za Kiswahili una pa kuchagua. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi, inatangaza kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ipo tangu 1957, ya DW tangu 1963, na ya RFI tangu 2010. Vipindi vingi vya idhaa hizi hupatikana pia kama podikasti. Kwa mwenye Wi-Fi kazini hiyo ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote: pakua mchana, sikiliza jioni bila data. RadioDroid pia inaweza kurekodi mkondo wa moja kwa moja, kwa hiyo ukiwa na Wi-Fi saa ya kipindi, rekodi ukisikilize baadaye.

Weka redio ndogo ya betri nyumbani hata kama umepanga kila kitu kwenye simu. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini mwetu kwa karibu wiki tatu. Mikondo yote ilinyamaza kwenye simu zetu, wakati ambao watu walihitaji habari kuliko siku nyingine zote. Anayejua masafa ya FM ya redio za mji wake alikuwa bado na pa kusikiliza. Yaandike ukutani au nyuma ya daftari, pamoja na betri mbili za akiba.

Ukishapata anwani nzuri ya redio ya nyumbani, mtumie yaya (kaka au dada mkubwa) aliye ng'ambo kwa WhatsApp. Usitume kiungo cha Facebook. Tuma anwani ya mkondo, kilobiti zake, na saa za vipindi kwa saa ya Lubumbashi. Mwelekeze afungue VLC, abandike, na aipe jina.